Kusoma rangi za nyoka wa mahindi kwa maharage na punje: mwongozo kwa anayeanza

Nafundisha baiolojia Mbeya, na kila tunapokaribia mada ya urithi wa sifa Kidato cha Nne, kuna mtu ataniletea simu yenye picha ya nyoka. Nyoka mmoja ni mweupe kama maziwa mgando, mwingine mwekundu kama nyanya iliyoiva, wa tatu wa kijivu kama majivu ya jikoni. Maswali ni yale yale. Amepakwa rangi? Hawa ni nyoka wa aina tatu tofauti? Wazazi wao nao walikuwa hivyo? Naweza kumpata huku kwetu? Nimeyajibu darasani, nimeyajibu sokoni Mwanjelwa, nimeyajibu ndani ya daladala ya Uyole. Sasa nayaandika.

Majibu ya haraka kwanza. Hajapakwa rangi. Wote watatu ni nyoka mmoja, nyoka wa mahindi, ambaye kwa jina la kisayansi ni Pantherophis guttatus. Kwao ni kusini-mashariki mwa Marekani, hana sumu, na huua panya kwa kuwabana. Wazazi wake huenda walikuwa na rangi ya kawaida kabisa, na hapo ndipo kazi yetu ilipo. Huku kwetu hayupo porini. Mwongozo huu hauhitaji nyoka hata mmoja.

Onyo kabla ya lolote. Usimkamate nyoka yeyote ili ulinganishe na picha. Kifutu amelala kwenye majani makavu ana mabaka mazuri, na anauma kabla hujamaliza kumtazama. Pia kumfuga mnyamapori nyumbani bila kibali ni kosa kisheria. Tutatumia picha na nafaka.

Vitu vya kuandaa

- Maharage kumi ya aina moja na ukubwa mmoja.
- Punje kumi za mahindi meupe, nazo za ukubwa mmoja.
- Njegere kavu kumi, kwa ajili ya hatua ya saba.
- Vikombe viwili visivyoonyesha ndani. Kimoja andika BABA, kingine MAMA.
- Makapeni nyeusi na makapeni nyekundu, zile ambazo wino wake haufutiki kwa maji.
- Daftari na kalamu.
- Picha chache za nyoka wa mahindi, na moja kati yao lazima iwe ya rangi ya kawaida.

Kuhusu maharage kuwa ya aina moja, naomba unisikilize vizuri. Mara ya kwanza nilipofanya zoezi hili nilitumia kablanketi na maharage mekundu marefu, nikaona rangi zake zinapendeza mezani. Binti mmoja wa dawati la mbele alikuwa anatoa karibu nyoka wekundu watupu. Nikasimama pembeni yake nikamtazama mkono. Kidole gumba kilikuwa kinaviringisha haragwe ndani ya kikombe kabla ya kulitoa: la mviringo analiacha, refu analichukua. Hakujua kwamba anachagua. Vidole vya watoto waliokulia kwenye kuchambua maharage vinajua umbo hata gizani. Tangu siku hiyo natumia maharage ya aina moja, tofauti ikiwa ni nukta ya wino tu.

Hatua ya 1: Mjue kwanza wa kawaida

Weka mbele yako picha ya nyoka wa rangi ya asili na umtazame dakika tano nzima. Mgongo una rangi ya chungwa au kahawia. Juu yake yamepangwa mabaka mekundu kuanzia shingoni hadi mkiani, na kila baka limezungushiwa ukingo mweusi. Tumbo lina miraba myeusi na myeupe kama bao la drafti. Wapo wanaosema jina lake limetokana na miraba hiyo inayofanana na punje za mahindi ya mchanganyiko, na wapo wanaosema ni kwa sababu hupatikana kwenye maghala ya mahindi anakofuata panya.

Asiyemjua wa kawaida hawezi kumsoma wa ajabu. Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi.

Hatua ya 2: Uliza ni rangi gani imekosekana

Wengi huuliza, "Huyu ameongezewa nini?" Mara nyingi hakuongezewa kitu, amepungukiwa. Ngozi ya nyoka huyu hutengeneza rangi za msingi tatu: nyeusi, nyekundu na njano. Anza na macho, kisha shuka mgongoni.

Macho mekundu, na hakuna weusi popote mwilini: nyeusi imekosekana. Huyu ni amelanistiki. Kwa kuwa nyekundu na njano zimebaki, mwili wake ni mwekundu na wa chungwa wenye nyeupe kidogo. Wengi hushangaa kusikia kwamba nyoka mwekundu kama huyu ndiye anayehesabiwa kuwa na ualbino.

Macho meusi, mwili wa kijivu na mweusi: nyekundu imekosekana. Huyu ni anerithristiki. Akikua, shingo na kidevu huingiwa na njano kidogo.

Macho mekundu, mwili mweupe wenye uwaridi: nyeusi na nyekundu zimekosekana kwa pamoja. Wafugaji wa Marekani humwita Theluji.

Wapo wengine wengi, nami nawapitia haraka. Karameli ana kahawia ya kuelekea njano. Lavenda ana kijivu chenye uwaridi. Hipomelanistiki ana weusi uliopungua bila kuisha.

Kosa la kawaida: kusoma mtoto kama mtu mzima. Nyoka huyu anapototolewa rangi zake bado zimefifia, na hubadilika kadiri anavyojivua gamba. Ukoo uitwao Damu huanguliwa ukiwa na mabaka yanayoonekana, kisha akikua wekundu humeza karibu kila kitu. Uliza umri wa nyoka kabla ya kutaja jina.

Kosa la pili: kuamini picha iliyopitishwa kwenye programu ya kukoleza rangi. Tazama kitu kingine kwenye picha hiyo, mkono wa aliyemshika kwa mfano. Kama mkono nao umegeuka chungwa, iache picha hiyo.

Hatua ya 3: Tenga rangi na mchoro

Rangi ni jambo moja, mchoro ni jambo jingine, na kila kimoja kinarithiwa kwa njia yake. Anayezoea kuvaa kitenge anaelewa mara moja: mchoro ule ule unachapishwa kwa rangi tofauti, na rangi ile ile inachapishwa kwa michoro tofauti.

Kwenye mchoro wa motli, mabaka yameungana hadi rangi ya mgongo inabaki kama msururu wa duara. Kwenye mchoro wa mistari, hakuna mabaka, ni mistari inayokwenda kwa urefu wa mwili. Motli na mistari wote hukosa ile miraba ya tumboni, kwa hiyo ukipata picha ya tumbo, itumie. Andika kwenye daftari safu mbili, RANGI na MCHORO, na uzijaze kila moja peke yake. Nyoka anaweza kuwa Theluji kwa rangi na motli kwa mchoro.

Hatua ya 4: Tia alama nafaka

Chukua maharage matano, kila moja litie nukta nyeusi kwa makapeni. Matano mengine yaache matupu. Haragwe lenye nukta ni jeni, yaani agizo la sifa linalorithiwa kwa mzazi, inayoweza kutengeneza rangi nyeusi. Tupu ni jeni iliyoharibika.

Fanya hivyo kwa punje za mahindi kwa makapeni nyekundu: tano zenye nukta, tano tupu. Hizi ni za rangi nyekundu. Acha zikauke kabisa.

Kanuni unayohitaji ni moja tu. Kila nyoka ana nafaka mbili za kila aina, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Nukta moja inatosha rangi kutokea. Rangi inakosekana pale tu nafaka zote mbili zikiwa tupu.

Hatua ya 5: Zalisha kwa maharage peke yake

1. Ndani ya kikombe cha BABA weka haragwe moja lenye nukta na moja tupu. Fanya hivyo hivyo kwa MAMA. Wote wawili, ukiwatazama, ni nyoka wa kawaida. Kila mmoja amebeba tupu moja iliyofichika.
2. Tikisa. Bila kutazama, toa haragwe moja kwa BABA na moja kwa MAMA, uyaweke mezani pamoja. Hilo ni yai moja.
3. Andika: nukta na nukta ni wa kawaida, nukta na tupu ni wa kawaida anayebeba, tupu na tupu ni amelanistiki.
4. Rudisha kila haragwe kwenye kikombe chake. Wanaosahau kurudisha ndio wanaokuja kuniambia hesabu imekataa.
5. Rudia hadi mayai 12. Jike wa nyoka huyu hutaga kati ya mayai 10 na 30 hivi, kwa hiyo 12 ni idadi ya kweli.

Kwa wastani, mmoja kati ya wanne hutoka amelanistiki. Wastani haulipi kila mara. Ukiwa na mayai 8 tu, zipo nafasi kama 10 kati ya 100 kwamba hutapata hata mmoja. Kwa mayai 12, ni kama 3 kati ya 100. Ndiyo sababu nyoka wa kawaida anaweza kuzaa mara kadhaa bila mwenye naye kujua kilichomo.

Hapa huwa nasimamisha zoezi, kwa sababu daima kuna mwanafunzi ananyamaza ghafla. Mwaka mmoja alikuwa kijana ambaye mdogo wake ana ualbino. Baada ya kipindi alibaki, akashika maharage mawili matupu kiganjani, akaniuliza, "Mwalimu, kwa hiyo hili moja lilitoka kwa baba?" Nikamwambia ndiyo, moja kwa baba, moja kwa mama, siku zote. Nyumbani kwao lawama zote zilikuwa zimewekwa kwa mama.

Mtu si nyoka, na sitaki kusikia mwanafunzi akimfananisha mwenzake na nyoka. Ila hesabu ni hiyo hiyo. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walionyesha kwamba jeni iliyoharibika kwa nyoka wa mahindi aliye amelanistiki inaitwa OCA2. Jeni yenye jina hilo hilo ndiyo inayohusika na aina ya ualbino iliyo ya kawaida zaidi kwa watu wa Afrika kusini mwa Sahara. Tofauti ni kwamba nyoka ana rangi nyekundu na njano za akiba kwenye ngozi, na binadamu hana. Wazazi wawili weusi kabisa, wasio na kosa lolote, wasiolaaniwa na yeyote, kila mmoja ametoa haragwe moja tupu ambalo hakujua analo. Mimi ningefundisha zoezi hili hata kama lisingekuwa na kitu kingine zaidi ya hilo.

Hatua ya 6: Ongeza mahindi, mtafute Theluji

Sasa kila kikombe kiwe na maharage mawili, lenye nukta na tupu, pamoja na punje mbili za mahindi, yenye nukta na tupu. Kwa kila yai toa haragwe moja na punje moja kutoka kila kikombe. Mezani panakuwa na nafaka nne.

Soma maharage kwanza, kisha mahindi. Nukta angalau moja kwa kila aina: wa kawaida. Maharage yote tupu: amelanistiki. Mahindi yote tupu: anerithristiki. Zote nne tupu: Theluji.

Kati ya 16, kwa wastani unategemea 9 wa kawaida, 3 amelanistiki, 3 anerithristiki na Theluji 1. Usikate tamaa kama Theluji hakutokea: ukitoa mayai 16, nafasi ya kumkosa kabisa ni zaidi kidogo ya moja kwa tatu. Darasani nagawa makundi manne na kujumlisha hesabu zote ubaoni, na hapo ndipo namba zinapoanza kutulia.

Wazazi wa namna hii wanapatikanaje? Mchukue amelanistiki mwekundu umpandishe na anerithristiki wa kijivu. Watoto wote watakuwa wa kawaida, kila mmoja amebeba tupu mbili zilizofichika. Wapandishe watoto hao, na mjukuu ndiye anayeweza kuwa mweupe. Babu mwekundu, bibi wa kijivu, wazazi wa kawaida, mjukuu mweupe. Jaribu kwa vikombe, anzia kwa babu na bibi, uone linavyokwenda.

Hatua ya 7: Wawili wa kijivu waliozaa wa rangi ya kawaida

Hatua hii naipenda kuliko zote. Mbali na anerithristiki, yupo nyoka wa kijivu mwingine aitwaye Mkaa. Kwa macho ya anayeanza ni ndugu wa tumbo moja, isipokuwa Mkaa kwa kawaida hana ile njano ya shingoni. Ukimpandisha anerithristiki na Mkaa, watoto hutoka wa rangi ya kawaida, wote.

Tumia njegere kwa Mkaa: zenye nukta na tupu. BABA anerithristiki ana mahindi mawili tupu, lakini njegere zake zote zina nukta. MAMA Mkaa ana njegere mbili tupu, lakini mahindi yake yote yana nukta. Toa yai moja. Kila mtoto amepata nukta moja ya mahindi kwa mama na nukta moja ya njegere kwa baba. Kila mzazi ameziba tundu la mwenzake.

Kwa hiyo nyoka wawili wanaofanana huenda hawana kasoro moja. Ukimchanganya Mkaa na amelanistiki, unapata mweupe mwingine aitwaye Tufani ya Theluji, na kwenye picha ya simu ni vigumu kumtenga na Theluji wa kawaida. Usibishane na mtu kwa picha moja.

Hatua ya 8: Kumtambua anayebeba

Ukikutana na tangazo la huko Marekani linasema nyoka ana asilimia 66 ya kubeba, rudi hatua ya tano. Ondoa mezani wale amelanistiki. Waliobaki wote wanaonekana wa kawaida, na kwa wastani wawili kati ya watatu wamebeba tupu. Asilimia 66 ni hiyo tu. Haina maana kwamba nyoka huyo amebeba theluthi mbili za jeni. Ama anayo, ama hana.

Kumpima, mpandishe na amelanistiki kamili. Weka maharage mawili tupu kikombe kimoja, na kingine weka ya huyo anayeshukiwa. Akitoka amelanistiki hata mmoja, jibu limepatikana. Wakitoka wanane, wote wa kawaida, uwezekano kwamba mzazi alikuwa amebeba na ikatokea hivyo ni 1 kati ya 256.

Yasiyohesabika kwa maharage

Si kila jina ni jeni moja. Okeetee, mwenye kingo nyeusi nene zilizokolea, jina lake lilitokana na nyoka wa eneo moja la South Carolina, na wafugaji wamemkoleza kwa kuchagua wazazi wazuri kizazi baada ya kizazi, kama bibi anavyotenga gunzi zuri la mbegu na kulitundika juu ya moshi wa jiko. Miami, mwenye mgongo wa kijivu na mabaka ya chungwa, naye ni hivyo. Hapo weka vikombe pembeni.

Tesera, ambaye ni mchoro, anafuata kanuni iliyogeuzwa: nafaka moja tu yenye badiliko inatosha kuonekana. Motli na mistari ni mabadiliko mawili ya jeni ile ile, yaani nafaka ya aina moja yenye alama mbili tofauti. Nyoka akipata moja ya motli na moja ya mistari, kwa kawaida motli ndiye anayeonekana.

Ukikwama

*Nimepata amelanistiki 8 kati ya 16.* Mwaga vikombe uhakiki kilichomo. Mara nyingi kimoja kina tupu mbili. Kama viko sawa, toa mayai mengine 16 ujumlishe. Usifute matokeo ya kwanza kwa sababu hukuyapenda.

*Wino unafutika.* Maharage yalikuwa na vumbi au unyevu. Yapanguse, yaanike juani, kisha tia alama upya. Na baada ya zoezi yahifadhi kwenye kopo lenye jina. Yenye wino hayarudi jikoni.

*Wanafunzi wanachungulia.* Anayetoa afumbe macho, mwenzake ashike kikombe na kuandika.

*Siwezi kumpa jina nyoka wa kwenye picha.* Andika ulichokiona: macho, rangi iliyokosekana, mchoro, tumbo. Maelezo sahihi bila jina yanafaa kuliko jina la kubahatisha.

*Nimeona nyoka mweupe shambani, Rungwe. Ni wa mahindi?* Hapana. Ualbino unaweza kumtokea nyoka wa aina yoyote, mwenye sumu na asiye na sumu, na weupe hauondoi sumu. Kifutu mweupe ni kifutu. Rudi nyuma polepole, waondoe watoto, mwache apite. Kama yuko karibu na nyumba na haondoki, toa taarifa kwa maofisa wa wanyamapori wa wilaya, na usimruhusu mtu amguse au amuue kwa kudhani ni mzimu wa ukoo au dalili ya balaa.